JOTO LA TAJI LA NYOTA: LIMEJULIKANA VIPI?

  

Ndugu msomaji, somo hili ni deni. Siku ya Alkhamis, tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipatwa. Kule Rujewa, mkoani Mbeya, watu waliona pete ya moto mbinguni. Hapa kwetu Mkokotoni jua lilimegwa upande tu. Tuliswali swala ya kupatwa kwa jua, na baada ya swala niliwasimulia wanafunzi kisa cha siku aliyofariki Ibrahim, mtoto wa Bwana Mtume, ambapo jua lilipatwa na baadhi ya watu wakasema limepatwa kwa msiba ule. Bwana Mtume aliwakatalia, akawafundisha kuwa jua na mwezi ni katika ishara za Mwenyezi Mungu, na kupatwa kwake hakuhusiani na kifo wala uhai wa mtu yeyote.

Tulipokuwa tunatawanyika, mwanafunzi mmoja wa kike wa darasa la juu alinijia na kitabu chake cha skuli. "Ustadh," akasema, "hapa pameandikwa kuwa uso wa jua una joto la nyuzi 5,500. Halafu pameandikwa kuwa lile taji la nje, linaloonekana jua likipatwa lote, lina nyuzi milioni moja na zaidi. Vipi nje pawe na moto kuliko ndani?"

Nilikitizama kitabu, nikamjibu bila ya kusita: "Hilo ni kosa la chapa. Sufuri zimezidi." Akatoa kalamu akazikata zile sufuri, nami nikaona kazi yangu imekwisha.

Kitabu kilikuwa sahihi, na aliyekosea ni mimi. Nililigundua hilo baada ya miezi mingi, na wakati huo kitabu kilikuwa kimeshazungushwa kwa wanafunzi wengine, kwani kilikuwa cha skuli na si chake. Yeye nilimtafuta nikamwambia. Wale waliosoma baada yake sikuweza kuwapata, na ndiyo sababu naandika hapa.

MWANGA UNAPOPASULIWA

Kosa langu lilikuwa na mantiki yake. Kila mmoja wetu anajua kuwa ukiwa karibu na jiko la mkaa utaungua, na ukisogea nyuma utapata afuweni. Kwa kipimo hicho, uso wa jua ungekuwa moto na taji lake lingekuwa la vuguvugu. Lakini kipimo cha jikoni si hoja juu ya jua. Inatakiwa tuulize: nani alipima, na alipima kwa nini, ilhali hakuna mtu aliyekwenda huko na kipimajoto?

Jawabu ni kuwa walipima kwa mwanga wenyewe. Mwanga ukipita katika kioo cha pembe tatu au katika maji, hupasuka ukawa rangi. Kamal al-Din al-Farisi, mwanachuoni wa Uajemi aliyefariki karibu mwaka 1319, alichukua tufe la kioo akalijaza maji, likawa mfano wa tone la mvua, akachunguza jinsi mwanga unavyoingia, unavyopinda na unavyorudi, mpaka akaeleza upinde wa mvua unavyotokea. Yeye alikuwa akiendeleza kazi ya Ibn al-Haytham juu ya mwanga na macho. Miaka zaidi ya 300 baadaye, Newton wa Uingereza alipasua mwanga wa jua kwa kioo, akaonyesha kuwa rangi zile zimo ndani ya mwanga wenyewe.

Rangi hizo zikipangwa kwa mstari kutoka nyekundu mpaka zambarau, huitwa spektra. Na kila elementi, yaani kila kitu asilia kama chuma, sodiamu au oksijeni, inapopata moto huacha mistari yake katika spektra, na mistari ya hii haifanani na ya ile. Jambo hili mnaliona majumbani. Sufuria ya wali wenye chumvi ikifurika juu ya jiko la gesi, moto uliokuwa wa buluu hugeuka manjano papo hapo. Ile manjano ni sodiamu iliyomo katika chumvi. Mama yuko ukumbini, hakuona maji yakimwagika, lakini akiuona moto umegeuka rangi anajua wali umefurika.

Sasa, tarehe 7 Agosti 1869 jua lilipatwa lote huko Marekani. Wataalamu wakaelekeza vyombo vyao kwenye lile taji jeupe linalotokea kandokando ya jua lililozibwa, wakaona mstari wa kijani ambao haukufanana na wa elementi yoyote waliyoijua. Wakasema hiki ni kitu kipya, wakakiita koroniamu. Wala tusiwacheke, kwani mwaka mmoja kabla ulionekana mstari mwingine mgeni katika mwanga wa jua, nao ukaja kuwa wa heliamu, gesi ya kweli iliyopatikana ardhini mwaka 1895. Basi koroniamu ikasubiriwa miaka 70. Haikupatikana, kwa sababu haipo.

Mwaka 1939 Mjerumani Walter Grotrian alipata fununu, na mwanzoni mwa miaka ya 1940 Bengt Edlén wa Sweden akaithibitisha kwa hesabu na majaribio: mstari ule wa kijani ni wa chuma. Chuma hiki hiki cha nanga na misumari, ila kimevuliwa.

NAZI NA KIFUO

Hapa ndipo penye ufunguo wa somo, kwa hiyo tuende polepole.

Kila atomu ina kiini, na kiini kimezungukwa na chembe ndogo ziitwazo elektroni. Atomu ya chuma ina elektroni 26. Za nje zimeshikwa kwa ulegevu, za ndani zimeshikwa kwa nguvu. Mfano wake ni nazi. Makumbi yanatoka kwa kifuo, lakini kifuu kinataka panga. Ukipita mahali ukakuta nazi zimefuliwa makumbi tu, utajua aliyepita alikuwa na kifuo. Ukikuta na vifuu vimepasuliwa, utajua alikuwa na panga. Yeye mwenyewe hukumwona, lakini kazi yake umeiona, na kwa kazi yake umejua nguvu yake.

Joto nalo hufanya hivyo hivyo. Gesi ikipata moto, chembe zake hukimbia na kugongana, na kila joto linavyozidi ndivyo elektroni nyingi zaidi zinavyong'olewa. Mstari wa kijani wa mwaka 1869 unatoka katika chuma kilichopoteza elektroni 13, nusu kamili ya zile 26. Kuna na mstari mwekundu wa chuma kilichopoteza 9. Ili chuma kivuliwe elektroni 9 panahitajika joto la kiasi cha nyuzi milioni moja, na kwa elektroni 13 kiasi cha milioni mbili. Kwa joto la nyuzi 5,500 haiwezekani kabisa. Sufuri zile, wanangu, zilikuwa mahali pake.

Mtu atauliza: kama taji lina milioni ya nyuzi, mbona haliuyeyushi uso wa jua na kila kilicho karibu? Mwangalieni mtu anayechomelea vyuma. Cheche zinamrukia mikononi, na kila cheche ni moto mkali kuliko maji yanayochemka, lakini hazimfanyi kitu kikubwa, kwa sababu kila moja ni punje. Birika la maji ya moto likimmwagikia, anapelekwa hospitali. Joto ni kitu kimoja na wingi wa kilichobeba joto ni kitu kingine. Gesi ya taji ni nyepesi mno, nyepesi kuliko hewa tunayovuta kwa mabilioni ya mara.

KWA NINI EKSIREI

Mhunzi akitia chuma motoni huanza chekundu, kisha rangi ya chungwa, kisha cheupe. Moto ukizidi, mwanga huelekea upande wa zambarau, na ukizidi tena huvuka zambarau ukawa mwanga usioonekana kwa jicho. Kitu chenye mamilioni ya nyuzi hutoa mwanga ulio mbali kabisa upande huo, nao ni eksirei, ndugu wa ile tunayopigwa hospitali tukivunjika mkono. Kwa hiyo anayetaka kuchunguza mataji ya nyota, asingoje kupatwa kwa jua, achunguze eksirei zake.

Tatizo ni hewa. Hewa iliyo juu ya vichwa vyetu ina uzito sawa na maji ya kina cha mita 10, pima tano na nusu. Hakuna eksirei ya nyota inayopenya hapo, na hiyo ni rehma kwa viumbe. Ilibidi vyombo vipandishwe juu ya hewa. Eksirei za jua ziligunduliwa hivyo mwaka 1949 kwa roketi. Mwaka 1962 Riccardo Giacconi, Muitaliano aliyekuwa akifanya kazi Marekani, pamoja na wenzake wakapata kwa roketi eksirei zinazotoka mbali kabisa nje ya jua letu. Lakini roketi inapanda na kuanguka, na muda wa kutizama ni dakika chache tu. Walihitaji chombo kinachokaa juu, yaani setilaiti.

Na hapa somo linarudi katika pwani yetu. Setilaiti ya mwanzo duniani iliyotengenezwa kwa kazi hiyo peke yake haikurushwa kutoka Marekani wala Ulaya. Ilirushwa kutoka baharini, mbele ya kijiji cha Ngomeni, karibu na Malindi. Mtaalamu wa Italia, Profesa Luigi Broglio, alikuwa amesimamisha huko jukwaa la chuma liitwalo San Marco, na jingine la kuongozea liitwalo Santa Rita, kwani mahali palipo karibu na Ikweta mzunguko wa dunia huisaidia roketi kuondoka. Siku iliyochaguliwa ilikuwa tarehe 12 Disemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru. Bi Marjorie Townsend, aliyekuwa msimamizi wa kazi hiyo upande wa Marekani, akapendekeza setilaiti ipewe jina la Kiswahili. Ikaitwa Uhuru.

Uhuru ilifanya kazi mpaka Machi 1973, na orodha iliyotokana nayo ina vyanzo 339 vya eksirei. Giacconi alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Mpaka leo mwanafunzi wa fani hii, awe Japani au Brazil, hana budi kulitamka neno la Kiswahili katika masomo yake ya mwanzo. Nami nimezaliwa na kukulia pwani hii hii, nimesoma mpaka diploma, na jambo hili sikuwahi kuambiwa na mtu.

Tuseme kweli lakini: jicho la Uhuru halikuwa kali kiasi cha kuyachunguza mataji ya nyota za kawaida. Ilichoona zaidi ni vitu vyenye nguvu za kutisha, kama nyota zilizokufa zinazovuta gesi za wenzake. Zamu ya mataji ilikuja baada yake.

RAS AL-GHUUL

Mwezi Mei 1975, kutoka jukwaa lile lile la Ngomeni, ilirushwa dada yake Uhuru iitwayo SAS-3. Miongoni mwa ilivyogundua ni eksirei zinazotoka katika nyota ambayo Waarabu waliiita Ras al-Ghuul, kichwa cha zimwi, na Wazungu wakalichukua jina hilo wakalifupisha kuwa Algol. Abdul-Rahman al-Sufi aliiandika katika kitabu chake cha nyota karne ya kumi.

Nyota hii inafifia kila baada ya siku mbili na saa 21 hivi, kisha inarudi. Mwaka 1783 kijana wa Uingereza, John Goodricke, kiziwi mwenye umri wa miaka 18, alitoa rai kuwa huenda kuna kitu kinaizunguka na kuiziba. Alisibu. Ni nyota mbili zinazozungukana kwa karibu sana, moja nyeupe yenye moto na nyingine kubwa lakini baridi kidogo. Hii ya pili ikipita mbele, mwanga hupungua. Kwa maneno mengine, ni kupatwa kwa jua la watu wa mbali, tunakokuona sisi kutoka huku.

Sasa eksirei zinatoka katika ipi? Mtu angesema ile nyeupe, kwa kuwa ndiyo yenye moto. Tena tungekosea, kosa langu lile lile! Taji linatengenezwa na nyota ambayo gesi yake inachemka na kupinduka kama uji sufuriani, huku nyota yenyewe ikijizungusha, na hapo huzaliwa nguvu za sumaku. Nyota nyeupe ya Ras al-Ghuul haina mchemko huo karibu na uso wake. Ile baridi unao, tena inajizungusha kwa siku zisizofika tatu, wakati jua letu linachukua kiasi cha siku 25.

Ushahidi ulikuja kwa njia ambayo kila nikiisoma nafurahi. Mwisho wa Agosti 1997 setilaiti ya Kiitaliano BeppoSAX, ambayo kituo chake cha kupokelea khabari kilikuwa hapo hapo Malindi, ilikuwa ikiitizama Ras al-Ghuul. Mara ukatokea mlipuko mkubwa katika taji. Mlipuko ukiwa bado unaendelea, ile nyota nyeupe ikapita mbele yake ikauziba kabisa, kisha ikauachia. Kwa kuhesabu saa ya kuzibwa na saa ya kuachiwa, wakajua mlipuko ulikuwa katika nyota baridi, karibu na ncha yake ya kusini. Khabari hizo zilishukia Malindi kwanza.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuzipasua eksirei zenyewe kama mwanga unavyopasuliwa na kioo. Kioo cha kawaida hakifai, kwa hiyo vyombo vilivyorushwa mwaka 1999, Chandra wa Marekani na XMM-Newton wa Ulaya, vilitumia nyavu na mabamba yenye mistari myembamba sana iliyopangwa kwa karibu. Chandra alielekezwa mapema kwenye nyota al-Ayyuq, ambayo kwa Kizungu huitwa Capella. Mistari iliyojitokeza kwa nguvu ilikuwa ya chuma kilichopoteza elektroni 16. Zimebaki kumi, nazo zimeshikana barabara. Hapo ndipo kwenye kifuu cha nazi yetu, na ndiyo maana chuma cha hali hiyo ni kingi. Joto lake ni kiasi cha nyuzi milioni sita. Katika Ras al-Ghuul kuna chuma kilichovuliwa elektroni 24, na joto lake hupita milioni 20.

Mistari hiyo hutaja na mwendo. Gari ikija upande wako honi husikika nyembamba, ikikupita honi huwa nzito. Mistari ya nyota nayo husogea hivyo nyota inapokuja au kuondoka, na mistari ya Ras al-Ghuul ilionekana ikienda na kurudi pamoja na ile nyota baridi. Ushahidi wa pili, njia nyingine, jawabu lile lile. Anayesema kuwa haya ni ya kukisia tu, basi na asome hapa tofauti ya dhana na yakini.

Kilichobaki ni kujua hasa joto hilo linapandaje. Kwamba linaletwa na nguvu za sumaku, hilo limekubalika. Wapo wanaosema ni mawimbi yanayopanda kutoka chini, na wapo wanaosema ni milipuko midogo isiyo na idadi, kamba za sumaku zinapokazwa mpaka zikakatika. Marekani ilirusha chombo cha Parker mwaka 2018. Mwaka 2021 kiliingia ndani ya taji la jua, na tarehe 24 Disemba 2024 kilipita kilomita milioni 6.1 tu kutoka uso wake. Japani nayo ilirusha XRISM mwaka 2023, yenye kihisio kinachopimia joto la kila chembe moja ya eksirei inayoingia. Mjadala haujafungwa, na mwenye kuufunga huenda leo yuko darasa la tatu.

KAZI YA WANAFUNZI

Tarehe 2 Agosti 2027, inshaallah, jua litapatwa lote katika sehemu za Afrika Kaskazini na Bara Arabu, na mji wa Makka utakuwa ndani ya kivuli kwa zaidi ya dakika tano. Watakaokuwa huko wataliona taji kwa macho yao katika dakika hizo. Sisi huku litatumegea upande tu, kwa hiyo taji hatutaliona, na mtu asilitizame jua kwa macho matupu, wala kwa miwani ya kawaida, wala kwa sahani ya maji. Macho yakiungua hayarudi.

Kabla ya hapo ipo kazi isiyo na khatari. Mimi nyota nilizijua vizuri tulipokosa umeme Unguja nzima, kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, kwa kuwa usiku hapakuwa na jengine la kutizama. Siku hizi taa zimezidi, lakini ufukweni bado panafaa. Msimu wa kaskazi, mwezi wa Disemba baada ya Isha, simameni pwani, mkono wa kushoto uelekee Tumbatu, uso uelekee upande wa Nungwi. Kitafuteni Kilimia, kile kishada cha nyota ambacho wazee walijulia msimu wa kulima. Nyota zake ni changa, zinajizungusha kwa kasi, na mataji yake yana nguvu kuliko la jua letu. Kisha teremsheni macho kuelekea kaskazini. Al-Ayyuq ndiyo inayong'aa kuliko zote upande huo, kuliani mwenu. Ras al-Ghuul iko kushoto zaidi, na mwanga wake ni wa wastani. Niulizeni niwaonyeshe kwa kidole usiku wa mwanzo. Mwanga mtakaouona umesafiri miaka 90 na kitu.

Kila usiku andikeni saa, na andikeni kama Ras al-Ghuul inang'aa sawa na jirani zake au imepungua. Ikififia hukaa hivyo kwa saa kadhaa, kwa hiyo mkitizama usiku 15 mtaibahatisha. Daftari niletewe Ijumaa baada ya swala, na anayeona nimekosea popote katika makala hii asizikate sufuri, aje kwanza tuangalie pamoja.